Makofi Matatu Kando ya Jiwe la Chumvi

SHAURI LA NIDHAMU NAMBARI MOJA: KUHUSU MAKOFI MATATU YALIYOPIGWA JIONI KANDO YA JIWE LA CHUMVI NA MTU AU WATU WASIO NA LESENI, KINYUME CHA KANUNI YA TISA, ISOMWE PAMOJA NA KANUNI NYINGINE ZOTE ZILIZOPO NA ZITAKAZOKUWEPO.

Jina refu kwa jambo fupi, lakini ndivyo lilivyoandikwa, na aliyeamuru liandikwe alikuwa ameshiba. Tutamfikia. Kwanza mwitike.

Waliopo?

Tupo.

Wasiokuwepo?

Tutawasimulia.

Basi sogeeni. Hapo kale, wanyama walipokuwa na shule, juu ya kilima kimoja aliishi mwalimu aitwaye Sange. Kama hujawahi kumwona sange, ni mnyama mkubwa kidogo kuliko panya, mwenye miguu kama vijiti na pua ndefu isiyotulia, inayonusa huku, inanusa kule, kama inayotafuta kitu ilichokiangusha jana. Mwalimu Sange hakuwa na mke wala mtoto. Alikuwa na darasa.

Darasa lenyewe lilikuwa uwanja uliofagiliwa kando ya jiwe kubwa la chumvi, na vijiwe vya kukalia vimepangwa safu kwa safu. Kila kijiwe kilikuwa na mwenyewe. Cha mbele kabisa cha kifaranga wa Kanga, kwa sababu haoni vizuri. Cha nyuma kabisa cha mtoto wa Ngiri, kwa sababu huja shule moja kwa moja kutoka matopeni, na wenzake wana pua. Kila asubuhi Sange aliita majina. Mtoto wa Ngiri? Nipo, mwalimu. Kifaranga wa Kanga? Nipo, mwalimu. Ndipo somo lilipoanza.

Na shule za wanyama zilikuwa na desturi yake. Mtoto akijibu sawasawa, darasa zima lilimpigia makofi matatu: pa, pa, pa. Mwalimu akieleza jambo likaeleweka, naye alipigiwa matatu: pa, pa, pa. Si mawili, si manne. Desturi hiyo iliwaingia wanyama mwilini hata wakazeeka nayo. Nyati mzima, mwenye wajukuu, akielekezwa njia ya mtoni akaielewa, kwato zake zilipiga chini zenyewe: pa, pa, pa, kisha akaondoka zake.

Sasa msidhani kanuni za walimu zilikuja bure. Kulikuwa na Mwalimu Kunguru, aliyekuwa akidonoa watoto wakikosea hesabu, na wakipatia aliwadonoa ili wasijisahau. Kulikuwa na Mwalimu Nyani, aliyefundisha kupanda miti huku yeye amelala kwenye tawi, watoto wakidondoka pu, pu, pu, naye akikoroma. Wazazi walipeleka malalamiko kwa wazee. Wazee waliahirisha, wakaahirisha, mpaka watoto waliodonolewa wakawa wazazi nao wakaja kulalamika. Basi wanyama wakakutana wakasema walimu wawe na leseni, na mwalimu mkosaji awajibishwe upesi. Walikuwa na haki. Walikosea jambo moja tu: waliuliza nani ana nafasi ya kusimamia, na Fisi akasema yeye anayo.

Fisi hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Lakini alikuwa na mabega, alikuwa na sauti, na alikuwa na taya ambalo mtu akilitazama husahau hoja yake. Akawa Mwenyekiti wa Baraza la Leseni na Nidhamu ya Walimu. Kobe akawa karani, kwa kuwa alikuwa na mahali pa kuhifadhia nyaraka mvua ikinyesha.

Fisi akaanza kufanya marekebisho. Rekebisho la kwanza: kila mwalimu awe na leseni. La pili: leseni zote za zamani zimefutwa. Leseni za zamani hazikuwepo, lakini zilifutwa hata hivyo, ili kazi ionekane. La tatu: ili kupunguza urasimu, mlalamikaji, mpelelezi, shahidi na hakimu wawe mtu mmoja. Na mengine, na mengine, mpaka ikafika Kanuni ya Tisa, iliyosema kwamba asiye na leseni asifundishe, na kwamba makofi matatu yakisikika mahali, hapo pamefundishwa, wala hautatakiwa ushahidi mwingine.

Wazazi wakaogopa. Mmoja mmoja wakaja kilimani kuwachukua watoto. Mama Kanga alikuja wa mwisho, akasimama mbali kidogo, akakwaruza chini kwa mguu.

"Ni kwa muda tu, mwalimu," akasema. "Leseni ikitoka, tunawarudisha siku hiyohiyo. Wewe usiondoke tu. Huyu wangu haoni vizuri, darasa likihamia kwingine hatalijua."

"Siendi popote, mama," Sange akasema.

Akabaki na vijiwe vitupu.

Basi akaenda kuomba leseni. Alichukua kikapu cha kumbikumbi waliokaushwa, akashuka kilima, akavuka nyika, akafika pangoni kwa Fisi. Shikamoo, mheshimiwa, nimefuata leseni. Fisi akatazama kikapu. Akauliza hicho ni nini. Sange akasema ni chakula chake cha njiani. Fisi akasema hapana, hicho ni kiambatisho. Akakipokea kiambatisho: kharam, kharam, kharam. Kisha akajifuta mdomo akasema, "Faili lako linashughulikiwa. Nenda, utaitwa."

Sange akaenda. Hakuitwa.

Akarudi tena na sega la asali. Shikamoo, mheshimiwa, nimefuata leseni. Fisi akapokea kiambatisho: lamba, lamba, lamba. "Faili lako linashughulikiwa. Nenda, utaitwa." Sange akaenda. Hakuitwa.

Akarudi tena na viazi vya porini. Pangoni hapakuwa tena na pa kukanyaga. Pamejaa viambatisho vya walimu wa nyika nzima, mifupa, matunda, samaki wakavu, mpaka Mwenyekiti mwenyewe analala mlangoni. Shikamoo, mheshimiwa, nimefuata leseni. Fisi akapokea: gugu, gugu, gugu. "Faili lako linashughulikiwa. Nenda, utaitwa."

Sange akaenda. Na safari hii hakuwa na kitu kingine cha kupeleka, kwa hiyo hakurudi.

Msimu ukapita, ukaja mwingine. Kila asubuhi Sange alifagia darasa, ingawa hapakuwa na nyayo za kufagia. Nyasi zilianza kuota pembeni ya vijiwe, akazing'oa. Kijiwe cha mtoto wa Ngiri kilipinduliwa na mvua, akakisimamisha, akakifuta matope, kisha akafikiri, akakirudishia matope kidogo. Jioni alikaa chini ya jiwe la chumvi akitazama njia. Njia nayo ilimtazama. Pua yake ilinusa huku, ikanusa kule.

Sasa, Fisi alipoona mwalimu wa kilimani haleti tena kiambatisho, akasema yule ana dharau. Akapanda kilima jioni moja kumkagua, yaani kuona kama kuna chakula kilichobaki. Alipokaribia jiwe la chumvi akasikia: pa, pa, pa.

Akasimama. Akatabasamu mpaka masikioni. Makofi matatu, na leseni hakuna. Akazunguka jiwe mbio, akamkuta Sange amesimama peke yake mbele ya vijiwe, mikono bado iko hewani.

"Wanafunzi wako wapi?" Fisi akauliza.

"Hakuna wanafunzi, mheshimiwa."

"Nimesikia makofi."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Nani kapiga?"

Sange akashusha mikono. Pua ilinusa huku, ikanusa kule, halafu ikatulia kabisa, jambo ambalo pua ya sange hailifanyi ila mwenyewe akiwa na haya. Maana jibu lilikuwepo, tena dogo, lakini aliona afadhali ashitakiwe kuliko kulitamka mbele ya Fisi.

Fisi hakulihitaji. Aliteremka kilima akicheka, na kabla jua halijazama Kobe alikuwa ameanza kuandika kichwa cha shauri. Adhabu ilikuwa imeshapangwa: mali yote ya mkosaji kuwa mali ya Baraza, na mkosaji mwenyewe kufutwa katika orodha ya walimu na kuhamishiwa ng'ambo ya kijito kilichopita chini ya kilima, asirudi.

Habari ilipomfikia, Sange hakuhangaika juu ya mali. Ilikuwa ufagio na kikapu kitupu. Kilichomkaa rohoni ni lile neno la ng'ambo ya kijito. Watoto wakirudi, watakuta vijiwe na nyasi. Kifaranga wa Kanga atazunguka zunguka na macho yake yale, ataita "mwalimu," jiwe litamjibu. Sange akakaa, akafikiri. Alifikiri huku anafagia, kwa sababu bila ufagio mkononi hakuweza kufikiri vizuri.

Siku ya shauri ikafika. Na kwa kuwa nchi nzima palikuwa na mahali pamoja tu penye viti vya kutosha, shauri lilisikilizwa darasani kwa Sange.

Wakaja. Nyati akaja, Ngiri akaja, Mama Kanga akaja, na kwa sababu hakuna aliyekuwa na mtu wa kumwachia watoto nyumbani, watoto nao wakaja. Mtoto wa Ngiri akaenda moja kwa moja kukaa nyuma. Kifaranga wa Kanga akapapasa mpaka akapata kijiwe chake cha mbele. Sange akasimama pale anaposimama siku zote, akatazama safu zimejaa. Alitaka sana kuita majina. Akajizuia, kwa kuwa ndiye mshitakiwa.

Fisi akakaa juu ya jiwe la chumvi, akalilamba kidogo, akafungua shauri. Kobe akasoma kichwa chote, na aliposoma "zitakazokuwepo" kivuli kilikuwa kimehama. Kisha akasema, kwa mujibu wa taratibu, mshitakiwa lazima akiri kwamba ameelewa kosa lake kabla ya kuhukumiwa.

"Umeelewa?" Fisi akauliza.

"Sijaelewa, mheshimiwa," Sange akasema.

Fisi akasoma Kanuni ya Tisa kama ilivyoandikwa. Wanyama wakakodoa macho.

"Umeelewa?"

"Sijaelewa, mheshimiwa."

Fisi akaisoma tena, ileile, kwa sauti kubwa zaidi. Ndege wakaruka vichakani.

"Umeelewa?"

"Sijaelewa, mheshimiwa. Kichwa changu kidogo, kama unavyokiona. Labda kwa mfano."

Fisi akapumua. Akawatazama wanyama wote, nao wanamtazama, na hakuna aliyeelewa kitu. Akajikuna. Kisha akasema, "Haya. Chukua mfupa. Mfupa ni wangu. Wewe ukija ukautafuna bila kuniuliza, hata kama hukuumaliza, hata kama mimi nimeshiba, umekosa. Si kwa sababu umetafuna vibaya. Pengine umetafuna vizuri kuliko mimi. Umekosa kwa sababu hukuuliza. Basi kufundisha ndiko kutafuna. Na leseni ndiko kuuliza."

"Ahaa," akasema Nyati.

"Kumbe," akasema Ngiri.

Na bila mtu kukusudia, kwato, mabawa na viganja vikaenda vyenyewe: pa, pa, pa.

Fisi hakuwahi kupigiwa makofi tangu azaliwe. Aliguna. Kitu cha joto kikampita kifuani, akakaa vizuri juu ya jiwe, akasahau kidogo alichokuja kufanya.

"Sasa nimeelewa, mheshimiwa," Sange akasema kwa upole. "Umetufundisha vizuri sana. Bwana Karani, hayo yalikuwa makofi mangapi?"

Kobe akainua shingo polepole. "Ma-ta-tu," akasema.

"Na leseni ya mheshimiwa ipo?"

Kobe akapekua ndani ya gamba. Akapekua. Akapekua. "Ha-i-po. Zi-li-fu-twa zo-te."

Wanyama wakatazamana. Mama Kanga akamziba kifaranga wake mdomo, kwa kuwa alishaanza kucheka. Fisi akasimama, manyoya ya mgongo yamesimama naye, akasema upuuzi, yeye ndiye Baraza, na makofi yale hayamaanishi kitu.

"Kama makofi hayamaanishi kitu," Sange akasema, "basi hata yangu hayamaanishi, na mimi sina kosa. Hukumu ni yako, mheshimiwa."

Hapo Sange akasogea karibu na jiwe, akanyoosha ile pua ndefu mpaka kwenye sikio la Mwenyekiti, akanong'ona:

"Ila mzee, kabla hujajiachia huru, fikiria adhabu. Mali ya mkosaji inakwenda wapi?"

"Kwa Baraza."

"Na mkosaji huyu ana mali?"

Fisi akafikiri. Akaliona pango. Akaiona mifupa, akaona samaki wakavu, akaliona sega la asali ambalo hajalimaliza. Mate yakaanza kudondoka: to, to, to.

"Anayo," akasema. "Anayo nyingi. Yule ni tajiri."

"Na Baraza ni nani, mzee?"

"Baraza ni mimi."

"Sina la kuongeza," Sange akasema, akarudi mahali pake.

Fisi akahesabu akilini: akijiachia huru, hapati kitu. Akijitia hatiani, anapata pango zima. Hakukuwa na haja ya kulala juu ya jambo kama hilo.

"Hi-lo pa-ngo," Kobe akaanza, "ta-ya-ri ni la..."

Lakini kabla Kobe hajafika mwisho wa sentensi yake, Fisi alikuwa ameshatoa hukumu. Alijitia hatiani kwa makosa yote. Alijikaripia vikali kwa mfano mbaya aliouonyesha kwa watoto. Aliamuru mali yake yote iwe ya Baraza, akajifuta katika orodha, akajihamishia ng'ambo ya kijito, asirudi. Kisha akaruka chini akielekea pangoni kuchukua mapato.

"...la-ko," Kobe akamaliza. Na akiwa bado amefungua mdomo, akaongeza kwamba mkosaji aliyefutwa haruhusiwi kusogelea mali ya Baraza.

Fisi akageuka akamtazama Nyati. Nyati, mwenye wajukuu waliodondoka kwenye miti ya Mwalimu Nyani, akainamisha pembe. Fisi akatazama huku, akatazama kule. Halafu akashuka kilima upande wa kijito, akavuka maji, akakaa ng'ambo. Na kwa kuwa kueleza jambo likaeleweka ni kufundisha, na leseni hakuna aliyenayo, hakuna aliyemweleza kilichompata.

Wanyama wakacheka mpaka wakachoka. Wakaenda pangoni, kila mmoja akachukua alichokitambua kuwa chake. Shauri la Sange likaahirishwa mpaka Mwenyekiti mwingine apatikane, maana bila mlalamikaji, mpelelezi, shahidi na hakimu, ilionekana akidi haijatimia. Sange hakuhamishwa. Kilima chake kikabaki chake.

Na watoto?

Jua liliposhuka Mama Kanga alikuja kuaga, akasimama mbali kidogo kama siku ile.

"Tungewaacha hapahapa leo, mwalimu," akasema. "Lakini Kanuni ya Tisa haijafutwa. Tusubiri marekebisho. Kobe ndiye anayeyashughulikia."

Ni kweli, Kobe alikuwa ameyashika. Alikwenda kukusanya maoni ya wadau, kijiji kwa kijiji, kwa miguu. Alionekana mara ya mwisho karibu na kichuguu cha kwanza, akisalimia mchwa.

Basi vijiwe vikawa vitupu tena. Asubuhi Sange alifagia. Safari hii palikuwa na nyayo za siku ya shauri, ndogo na kubwa, akafagia akazizunguka. Jioni alisimama mbele ya safu, akaanza somo la kujumlisha, polepole, kwa mfano wa kumbikumbi. Alipofika mwisho, alisikia kitu kutoka ng'ambo ya kijito, kizito, kisicho na mazoea: pa. Kikanyamaza kama kinachoogopa. Kisha: pa, pa.

Sange hakugeuka. Lakini kesho yake alisimama upande wa kijito, na akafundisha kwa sauti kubwa kidogo.

Hadithi yangu inaishia hapo ilipochoka. Na kwa kuwa wazazi hawapendi hadithi isiyo na mafunzo, mafunzo yake ni haya: watoto wazuri hawaulizi maswali mbele ya wakubwa, kanuni ikiandikwa na aliyeshiba, huwafaa wenye njaa, na mwenye pua ndefu asiiweke kwenye sikio la serikali.

Waliopo?

Tupo.

Wasiokuwepo?

Walikuwa watoto wa darasa la Sange. Jioni ile, kabla Fisi hajafika kwenye jiwe la chumvi, aliita majina yao yote kwa kichwa, kijiwe kwa kijiwe, hakumsahau hata mmoja, na kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine, akajipigia makofi matatu.